Maji ya Mlangoni

Efrazia alihesabu tena, safari hii akigusa kila shina kwa ncha ya kidole, na bado yalikuwa kumi na manne.

Vitunguu vya maua alivyopanda mwezi wa tisa vilikuwa kumi na vitatu. Alivipanda mwenyewe, amepiga magoti, kila kimoja na shimo lake, na Bwana Eliakimu alisimama nyuma yake na daftari akiandika tarehe. Sasa maua yalikuwa yamefumuka yote ndani ya siku tatu, kama ilivyokuwa kila mwaka vuli inapokaribia: shina tupu linachomoza udongoni bila jani hata moja, na juu yake duara jekundu la nyuzinyuzi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Kumi na matatu yalikuwa mahali pake. La kumi na nne lilikuwa kwenye kona, chini ya bomba linalovuja, pale ambapo hakupanda kitu. Kona ile aliiacha kwa makusudi.

Halikuwa jekundu kama wenzake. Lilikuwa limepauka, rangi ya fizi. Tena jana jioni lilikuwa limeelekea ukutani, na asubuhi hii lilikuwa limeelekea mlangoni.

"Umeliona, eh?" Bwana Eliakimu alikuwa ameingia bila kishindo, na viatu vyake vya Jumapili.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Hilo la pembeni ni zawadi, Efrazia. Haya maua huzaa chini kwa chini, hayaombi ruhusa. Kitunguu kimezaa hicho, mtoto amekwenda kujiotea kona." Akacheka. "Nitaandika kumi na manne."

Akaandika. Efrazia aliangalia kalamu ikitembea.

Nyumba ya vioo ilijengwa na wataalamu wa nje walipokuja kuanzisha shamba la ngano la serikali, huku chini upande wa Dirma. Waliijenga kwa ajili ya kupimia mbegu. Mke wa mtaalamu mmoja akaingiza maua nusu yake, wakaondoka, maua yakabaki, na Bwana Eliakimu, msimamizi wa nyumba ile, mtu wa Upare aliyependa kila kitu kisimame kwenye mstari, akayaonea huruma. Ndiye aliyeanzisha Jumapili ya maua. Mara moja kwa mwaka, maua yakifumuka, trekta la shamba lilipita vijijini likivuta tela, likakusanya watu baada ya ibada, wakaja kutazama bure. Walimu, manesi, wazee, akina mama wenye watoto mgongoni. Kila mtu alitembea taratibu katikati ya vioo, anaongea kwa sauti ya kanisani, halafu anarudi kwake na kusimulia mwezi mzima.

Sharti lilikuwa moja tu. Kwa sababu ya mbegu, na kwa sababu ya kutu ya ngano, ugonjwa unaosafiri kwenye mikono na nguo, hakuna aliyevuka mlango bila kunawa. Na aliyenawisha alikuwa Efrazia, mwaka wa nne huu. Alisimama mlangoni na koti lake la kazi, jagi mkononi, beseni miguuni, pipa la maji kando. Kila mgeni alinyoosha mikono, naye akammiminia.

Miaka mitatu aliipenda kazi ile kuliko kazi zote. Mwaka huu aliiogopa.

Ilitokea mwezi wa nane, saa tisa mchana, humo humo ndani. Joto lilikuwa kali, hakuna mtu, na mimba ya miezi mitano ikatoka akiwa ameshika ndoo. Alilia kwa kuziba mdomo na kilemba. Kisha akachimba kona kwa mikono, chini ya bomba, akasawazisha udongo na kuunyunyizia maji, kwa kuwa kazi ya kunyunyizia maji ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kwao Mbulu, mama aliyepoteza mimba yuko metimani. Anajitenga. Moto wake hauombwi, maji yake hayaguswi, mkono wake haupokelewi, na mjamzito hata njia yake haifuati, maana lililompata mmoja linatafuta wa pili. Padri alishalikemea jambo hilo, katibu kata naye alishalikemea, na watu walikuwa wameitikia ndiyo na kuendelea nalo. Efrazia alikuwa Mkristo mwenye kitambulisho cha kazi. Mchana alijiambia kwamba hayo ni ya bibi zetu. Lakini hakuwahi kujiambia hivyo akiwa peke yake na ile kona.

Mumewe Hermani, dereva wa lori la shamba, alisema mara moja tu na hakurudia. "Ukitangaza, kota nzima itatukimbia. Nani atachota bomba moja na wewe? Nani atakubali umnawishe? Kazi itakwisha. Nyamaza, vaa koti lako." Efrazia akanyamaza. Koti lilikuwa kubwa, na tumbo halikuwa limeonekana kwa mtu. Ila mwezi wa saba, kwa furaha tu, alikuwa ameshamwandikia mdogo wake Tekla, aliyeolewa Tlawi, barua ya kumjulisha.

Tangu siku ile ya mwezi wa nane mvua haikuwa imeonekana. Mlima Hanang ulivaa wingu asubuhi, ukalivua saa nne, kila siku. Na ndani ya vioo, ambako hakuna mvua, matone yalikuwa yakidondoka mfululizo, na ukisimama ukasikiliza yalikuwa na mwendo, mawili ya haraka na moja la kuchelewa, kama mtu anayejifunza kupumua. Fundi alibadilisha bomba mara mbili. Hayakuacha.

Trekta liliwasili saa sita. Efrazia alikuwa amejiwekea mpaka wake: watu wengine atawanawisha, Mungu amsamehe; akija mjamzito, atasema maji yamekwisha. Kwa hiyo kabla ya kutazama sura alitazama matumbo. Mwalimu mkuu. Nesi wa kike, mwembamba. Bibi Helena wa Dirma, aliyezeeka mpaka mikono yake ikawa na uwazi wa karatasi. "Ubarikiwe, mwanangu," Bibi Helena alisema, maji yakimtiririka vidoleni, na baraka hiyo ikamchoma.

Wageni waliingia. Walishangaa kama kila mwaka. Lakini Efrazia, akigeuza shingo, aliona jambo ambalo hakuna aliyemwambia mwenzake. Watu walipofika kona ya bomba walikunja njia, wakapita mbali kidogo, wakiendelea kuongea. Hakuna aliyetazama chini. Mtoto mmoja tu, kwenye mgongo wa mama yake, aligeuza kichwa kuelekea pale na kukodoa macho, kisha akacheka, akanyoosha mkono kama anayeitwa.

"Dada!"

Efrazia aligeuka. Mbele yake, vumbi la safari usoni, kanga imefungwa juu ya tumbo la miezi saba, alisimama Tekla.

"Shikamoo, dada! Nimepata lifti ya gari la misheni mpaka Dirma, nikakuta tela linajaza watu. Nikasema nikushtukize." Alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja. "Hebu nikuone. Mbona koti limekumeza? Si ulisema na wewe? Tutajifungua pamoja sisi, mama angefurahi!"

"Marahaba," Efrazia alisema.

Tekla alinyoosha mikono, viganja juu, vimeungana. Viganja vya jembe, vyenye sugu zile zile Efrazia alizozijua tangu vikiwa vidogo vya kushikwa na kuvushwa mto.

"Maji yamekwisha," Efrazia alisema.

"Si hayo kwenye jagi?"

"Ni machafu hayo."

"Efrazia!" Bwana Eliakimu alikuwa nyuma ya mlango. "Pipa limejaa hilo, nimelijaza mimi. Mnawishe mgeni, watu wanasubiri."

Foleni ilisogea. Tekla, ambaye tangu utoto hakujua kusubiri, alicheka na kupeleka mikono yake mwenyewe chini ya mdomo wa jagi. "Dada anaringa siku hizi."

Nyuma, ndani ya vioo, matone yaliacha. Efrazia alisikia yakiacha. Katika kimya kile aliyaona yote mawili mbele yake: kota, koti, mshahara wa Hermani na wake, majirani wanaomsalimia, na lile tumbo, lililokuwa likisogea chini ya kanga kwa teke dogo la ndani. Angeweza kumimina. Hakuna ambaye angejua, labda hata Mungu angeangalia pembeni. Akajua pia kwamba akimimina, hatalala tena maisha yake yote.

Akaliinua jagi juu, mbali na mikono ile, akamwaga maji yote chini.

"Ondoa mikono, Tekla. Rudi nyuma. Niko metimani."

Tekla alibaki ameinyoosha mikono yake.

"Tangu mwezi wa nane," Efrazia alisema, na sasa alisema kwa sauti, ili asikike mpaka mwisho wa foleni. "Mimba ilitoka. Sikumwambia mtu. Nimewanawisha watu wote hawa na ninajua nilichokuwa nafanya."

Watu wa kuja, mwalimu mkuu na wenzake, walitazamana wakitafuta wa kuwafafanulia. Wenyeji hawakuhitaji. Mmoja baada ya mwingine walitazama viganja vyao. Mwanamke mmoja alianza kuisugua mikono yake kwa mchanga. Waliokuwa ndani walitoka kimya, kwa mstari, wamekusanya nguo zao zisiguse kitu.

"Metimani ndiyo nini?" Bwana Eliakimu aliuliza. "Ni ugonjwa wa mimea?"

"Siyo wa mimea, bwana," mtu alimjibu.

Bibi Helena alikuja mpaka hatua tatu kutoka alipokuwa Efrazia, hapo akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Efrazia zaidi. "Nimekubariki," alisema kikongwe, "na wewe ukainyamazia baraka yangu." Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia: "Amelala wapi?"

Wote waliosikia swali lile waligeuka wakatazama kona ya bomba, hata wale ambao hawakuwahi kuingia ndani. Bwana Eliakimu alitazama pia. Alilifunga daftari lake polepole, akaliweka kwapani.

"Nenda nyumbani, mama," alisema. Hakuwa amewahi kumwita mama. "Hapa patafungwa leo. Kesho... kesho sijui."

Efrazia alivua koti, akalitundika kwenye msumari wake. Bila koti upepo ulimpiga tumboni, na watu walimwachia njia pana kuliko ile wanayomwachia meneja wa shamba.

Barabara ya shamba ilikuwa nyeupe kwa vumbi, imenyooka, mashina makavu ya ngano iliyovunwa pande zote mpaka jicho linapochoka. Kota zilikuwa mwendo wa nusu saa. Alitembea ukingo wa kushoto bila kulia, akistaajabu jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi, na akaona aibu kwa wepesi huo.

Baada ya muda alisikia miguu. Ng'ambo ya barabara, ndani ya mashina makavu, Tekla alikuwa akitembea sambamba naye, viatu mkononi, mkono mwingine umeshika kiuno.

"Rudi!" Efrazia alimpigia kelele. "Trekta litakuacha!"

"Liniache!"

"Usivuke huku!"

"Sivuki. Wewe kaa kwako, mimi niko kwangu. Barabara ni pana."

Wakatembea. Efrazia akipunguza mwendo, Tekla alipunguza. Akiongeza, aliongeza, tumbo likiyumba, na Efrazia akalazimika kupunguza tena kwa kumwonea huruma.

"Uliumwa?" Tekla aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeongea ng'ambo ya bonde.

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Alikuwa nani?"

Hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata Hermani. Efrazia aligeukia ng'ambo. "Wa kike!" alipaza sauti. "Nilimwita Fransiska!"

Lilikuwa jina la mama yao. Tekla alisimama palepale katikati ya mashina, akajifunika uso kwa kanga.

Na hapo ndipo trekta lilipokuja, mbio, na tela lililojaa watu wa Jumapili wanaotazama mbele tu. Lilipunguza mwendo. Upande wa Tekla sauti za wanawake zikaita: "Panda, wewe! Unajitafutia nini? Panda!" Injini ikaunguruma, gia ikaingia, likaondoka.

Vumbi lilipanda kama ukuta, likameza barabara, mashina, na mlima wenyewe. Efrazia hakuona hata miguu yake. Alisimama. Hakuita, kwa sababu hakujua kama ana haki ya kuita. Mlio wa trekta ulipungua, ukawa mdogo, ukaisha, na vumbi bado halikutaka kushuka.

Ng'ambo ya barabara mtu akakohoa.