Ngano Isiyotoa Masuke

Mashamba yote ya bondeni yalikuwa yametoa masuke. Hata lile la ng'ambo ya barabara, la kaka wa wifi yake Bi Kufuli, mtu anayejulikana kwa uvivu, lilikuwa limetoa. La kwao peke yake ndilo lilibaki majani matupu: ya kijani, yaliyonona, yanapendeza machoni, na suke hakuna hata la dawa.

Bi Kufuli alichuma bua moja, akalipasua kwa ukucha kutoka juu mpaka chini. Ndani hapakuwa na kitu. Alikuwa mkulima tangu usichana wake, katika nchi hii ya kaskazini ambako theluji hukaa mpaka mtu akasahau rangi ya udongo, na ugonjwa huu hakuhitaji kuambiwa jina lake. Hii ilikuwa ngano isiyo yenyewe. Mtu alikuwa amebadilisha mbegu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, ingawa wa kumsikia walikuwa kunguru tu. Mtu mwenyewe alikuwa anamjua. Wakati huo alikuwa jikoni, anaosha vyombo vya asubuhi.

Jina la Kufuli alipewa na watu, hakujipa. Alifunga ghala, alifunga kabati la sukari, alifunga hata banda la kuku ambao hawakuwa na mpango wa kwenda popote, na ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Hakuolewa. Watu walisema waposaji walikuja, naye akawakagua mifuko walipokuwa wakitoka. Huo ni uongo, lakini ni uongo unaofanana naye. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume, akamfunika, akamlisha, akamfundisha kushika usukani wa trekta, na baba alipofuata wakabaki wawili na shamba lao. Waliishi kwa amani mpaka mdogo mtu alipooa. Siku hiyo nyumba ilipata wifi, na wifi akapata mlinzi.

Kisa cha mbegu kilianza katikati ya baridi. Huku kaskazini ngano ni za aina mbili. Kuna ngano ya baridi, inayopandwa kabla ya theluji, ikalala chini yake, kisha ikazaa. Na kuna ngano ya jua, inayopandwa theluji ikishayeyuka. Ukizimwaga mezani punje zake hazitofautiani, hata uvae miwani juu ya miwani. Kwa hiyo nyumba hii ilizitenganisha kwa kamba: magunia ya ngano ya baridi yalifungwa kamba nyekundu, ya ngano ya jua kamba ya buluu.

Bi Kufuli aliona gunia moja la kamba ya buluu limelegea tumbo. Mtu mwingine angesema panya. Yeye alisema wifi. Ufunguo wa pili wa ghala alikuwa nao mdogo wake, na cha mume ni cha mke. Halafu wifi ana kaka, na kaka ana shamba. Yakapangika yenyewe kichwani mwake.

Akatega mtego. Alifungua magunia yote akabadilisha kamba: nyekundu zikaenda kwenye ngano ya jua, za buluu zikaenda kwenye mabaki ya ngano ya baridi. Mwizi akija atabeba ya kamba ya buluu, kaka yake ataipanda, na kiangazi chote atavuna majani mbele ya macho ya watu. Alizifunga kwa fundo alilofundishwa na baba, ambalo mle nyumbani hakuna mwingine aliyeliweza. Hakumwambia mtu, hata mdogo wake. Mume na mke hulala mto mmoja, na siri ikifika kwenye mto imekwisha.

Mwizi hakuja. Theluji ilipoanza kulainika, Bi Kufuli aliamua kuzirudisha kamba mahali pake kabla ya siku za kupanda. Asubuhi hiyo alikuwa na homa, kifua kinambana, lakini akaenda hivyo hivyo. Alikumbuka vizuri kabisa: aliingia, akapiga magoti mbele ya magunia, akafungua, akafunga. Kilichofuata katika kumbukumbu yake ni dari ya hospitali.

Aliyemkuta ameanguka ghalani alikuwa wifi. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, akapiga honi njia nzima, na daktari alisema angechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Mtu mwingine angetoa shukrani. Bi Kufuli alilala pale na mpira wa dawa mkononi akijiuliza swali moja: wifi alifuata nini ghalani?

Akiwa bado hospitalini ndipo walipopanda. Mdogo wake aliendesha trekta, wifi akamimina mbegu kwenye mashine. Sasa majibu yalikuwa shambani, ya kijani na matupu.

Wakati wa chakula cha mchana alilisema wazi. Mdogo wake aliweka kijiko chini.

"Dada, mke wangu si mwizi."

"Lisemwalo lipo, mdogo wangu."

"Analisema nani zaidi yako?" Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha dada yake kuliko kelele. "Nimechoka. Tukishavuna, tunahama. Shamba baki nalo."

Neno hilo lilimchoma. Bila mdogo wake angebaki na funguo zake na milango yake tu. Lakini alijipa moyo: ushahidi ukipatikana, atakayehama ni mmoja. Akampigia simu bwana shamba aje aseme mbele ya wote.

Bwana shamba alikuja kesho yake mchana, mwanamume mwenye buti safi mno kwa kazi yake. Aling'oa mabua matatu shambani, akarudi nayo, akayapasua, akatikisa kichwa. Walikuwa wamesimama wote uani.

"Hii ni ngano ya baridi," alisema. "Haikupata baridi, kwa hiyo haizai. Mlipanda mbegu siyo."

"Mmesikia!" Bi Kufuli alimgeukia wifi. "Mbegu yetu ya jua iko wapi? Au tuvuke barabara tukaiulize?"

Wifi alifuta mikono kwenye kanga yake, akaingia ndani, akatoka na kopo la zamani la maziwa. Alilimimina kwenye benchi. Zikatoka kamba za buluu, kila moja imekatwa, na kila moja ina fundo zima lisilofunguliwa.

"Hizi ndizo za magunia tuliyopanda," alisema. "Fundo lako lilinishinda, wifi. Nikakata pembeni."

Mdogo wake aliokota moja. "Na kwa nini ukazitunza?"

"Nilijua iko siku zitaulizwa. Katika nyumba hii mimi natunza kila kitu. Kikombe kikivunjika natunza vipande, nisije nikaambiwa nimekiuza."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza mahali panapowekwa chumvi. Bi Kufuli alichukua kamba, akaigeuza. Lilikuwa fundo lake, na halikuguswa. Baada ya mkono wake hakuna mkono mwingine uliopita pale.

"Lakini mimi nili..." alianza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Siku ile uliyonikuta ghalani. Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa umelikumbatia gunia la kwanza. Vidole viko kwenye fundo, hujafungua hata moja, unaongea na baba. Nilikufuata kwa sababu uliacha chai yako imepoa. Wewe huachi chai."

Basi kule kufungua na kufunga kote kulikuwa homa. Kamba zilibaki vile vile Bi Kufuli alivyozibadilisha. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na yeye alikuwa ameingia na shamba zima.

"Wala msigombane," alisema bwana shamba, ambaye hakupenda ugomvi wa watu. "Hutokea. Pengine dukani walichanganya mbegu."

Mdogo wake alikubali kwa kichwa. Hata wifi alishusha pumzi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na pale uani hakuna aliyejua kwamba kamba zilibadilishwa isipokuwa yeye. Angesema tu, ndiyo, watu wa duka hawaaminiki, nani asingemwamini? Alilitazama kopo. Akaviona vile vipande vya vikombe, vimefichwa mahali fulani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni mimi," alisema.

Akawaeleza yote: gunia lililolegea, kamba, mtego. Mdogo wake alisikiliza huku akitazama chini. Alipomaliza kueleza, bwana shamba akakumbuka kuna mahali anasubiriwa. Kabla ya kupanda gari alisema wasiling'oe shamba. Waache ng'ombe walile kidogo, theluji ije ilifunike. Likishapata baridi yake, mwakani huenda likazaa.

Bi Kufuli alivua ufunguo shingoni, akamnyooshea wifi.

"Hapana, wifi," alisema yule mwanamke, akaurudisha kwa ncha ya kidole. "Kaa nao. Siku ukipotea nitatafutwa mimi."

Jibu hilo Bi Kufuli alilistahili. Aliuweka ufunguo kwenye benchi, kati ya kamba, na hakuuvaa tena.

"Mtaondoka lini?" aliuliza. Alimwuliza mdogo wake, lakini mdogo wake alimtazama mkewe.

Wifi alikuwa anazirudisha kamba kwenye kopo, moja moja. Alichukua muda wake.

"Si mume wangu alisema tukishavuna?" alisema mwishowe. "Basi tungoje tuvune."