Jicho Lisiloonja

Kaaha hakwenda barazani kusikiliza. Alikwenda kugomba, na kila aliyemwona akivuka uwanja wa Bula Weyn siku ile, mtoto mgongoni na hatua za kukata udongo, alijua leo kuna mtu ataambiwa.

Mtu huyo alikuwa Justus, afisa wa malisho, kijana wa Machakos aliyehamishiwa huku pande za Sangailu na ambaye jua la Ijara lilikuwa bado halijamzoea. Alikuwa amebandika picha kubwa ukutani, kahawia huku, kijani kule. Akaeleza kwamba serikali imerusha setilaiti, chombo kinachozunguka juu kabisa kupita mawingu, na kwamba kuanzia sasa picha za malisho zitakuwa zikiingia kwenye simu za wafugaji.

Kaaha akasimama. "Hiyo kitu ya juu ni ya nani?"

"Ni ya serikali, mama. Yaani ni yetu sote."

"Haya. Na zahanati ile pale, yenye kufuli, ni ya nani? Ya majini?" Watu wakaangua kicheko. "Muuguzi alienda likizo ya kujifungua. Mtoto wake sasa anakimbia, yeye hajarudi, wala hakuletwa mwingine! Huyu wangu, Raho, alipimwa mkono kwa ule utepe wa utapiamlo, ukasoma njano, rangi ya hatari. Nani wa kuniambia nimpe nini? Nyinyi mnapanda mbinguni. Kwani ya chini mmemaliza?"

Hapo vigelegele vikapasuka. Wazee wakagonga fimbo chini. Justus aliinua mkono na kuendelea kusema, midomo ikicheza, lakini sauti yake ikazama. Nasteha, binti mkubwa wa Kaaha, alikuwa amekaa mbele na aliyasikia maneno yake ya mwisho. Mama yake hakuyasikia. Mtu anayepigiwa makofi hasikii kitu.

Mvua ikagoma. Nyasi za karibu zikaisha, kisha zile za mbali, na mbuzi wa maziwa wakawa wanakamuliwa kwa huruma tu. Raho alikuwa ameacha kunyonya; maziwa ya mbuzi ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Sasa alipewa chai ya rangi, akaishika midomoni bila kumeza, akimtazama mama yake kama mtu aliyedanganywa.

"Tutahama," alisema Hirsi, mumewe. "Kesho namtuma jirani yetu Abdille atutangulie."

Hiyo ndiyo desturi ya wafugaji. Kabla ya kuhama hutumwa sahan, mtu wa kwenda kuiona nchi kwa macho yake. Akirudi, anakalishwa, anapewa chai, kisha anaulizwa. Ni nyasi gani? Umezionja? Maji yana chumvi? Mbung'o wapo? Nani ametangulia kufika? Asipojibu yote, hakuna anayefunga mzigo.

Lakini jioni hiyo simu ya Nasteha ililia. Picha iliingia. Bonde la Dabley, mwendo wa siku tatu, lilikuwa kijani kama kitambaa kipya.

"Sahan wa nini tena?" Kaaha akasema. "Wa serikali amesharudi. Huyu hapa ndani ya simu."

Hirsi akacheka kidogo. "Si wewe uliyemfokea yule kijana mpaka akaondoka bila kofia yake?"

"Nilimfokea kwa ajili ya muuguzi. Sikusema kijani si kijani."

"Hooyo, mama yangu," Nasteha akaingilia, "lakini afisa alisema kwamba..."

"Afisa ana mtoto mwenye mkono kama huu? Abdille aende siku tatu, arudi siku tatu, mimi nimpe huyu nini? Maneno?" Akamnyanyua Raho na kumweka mapajani mwa baba yake. "Mbebe. Halafu uniambie ningoje."

Hirsi akambeba. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Basi, mjadala ukaishia hapo. Dabley aliijua tangu ujana, nchi ya nyasi mpaka magotini, ingawa hakuwa amekanyaga huko tangu mafuriko yale makubwa. Kesho yake punda wakafungwa mkokoteni.

Njia ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana kwenye simu. Mbuzi wawili walilala njiani wasiinuke. Kaaha alitembea huku akimwimbia Raho, na kila aliposhikwa na woga alimwambia Nasteha awashe ile picha, aone kijani, moyo utulie.

Walipofika Dabley, kijani kilikuwepo. Picha haikusema uongo. Bonde lote lilikuwa limefunikwa na mathenge.

Kama hujawahi kuuona mti huo, shukuru. Una miiba inayotoboa gurudumu, na maganda matamu kama sukari. Mbuzi huyala kwa fujo, na akizoea kula hayo peke yake, meno yanaoza, taya linapinda, mwishowe hata nyasi nzuri zinamdondoka mdomoni. Mafuriko yalikuwa yameleta mbegu, mbegu zikamiliki bonde. Chini yake hapakuwa na unyasi hata mmoja.

Hirsi akaanza kuwafungua punda. Kaaha akakaa chini palepale kwenye vumbi. Afadhali Hirsi angemgombeza.

"Afisa alisema siku ile," Nasteha akasema polepole. "Alisema picha inaona kijani tu, haijui ni majani gani, kwa hiyo mtu atangulie kwanza. Ulikuwa unashangiliwa, hooyo."

Kaaha akanyoosha mkono. "Lete simu."

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu tu. Akapanda, mtoto mgongoni, mbuzi wakimlilia chini.

"Afisa, mimi ni mama Nasteha wa Bula Weyn."

"Yule wa muuguzi?"

"Huyohuyo. Kijani chako cha Dabley ni mathenge."

"Chote?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Nimeleta mtoto mgonjwa na mbuzi wenye njaa kwenye miiba, na kosa nusu ni langu, sikutuma mtu. Nusu yako nitakuambia tukionana."

"Mama, nipigieni picha. Kila upande. Watu wakikuta si nyasi huwa wanatutukana, wanazima simu. Hakuna anayetuambia wamekuta nini." Alikuwa anaongea haraka, kama aliyeamshwa. "Tumeni sasa hivi, msiondoke hapo."

Alasiri alipiga tena. Alisema mathenge huwa kijani masika na kiangazi, haupumziki. Kwa hiyo alikuwa ameshusha picha za zamani, akaondoa kila palipokuwa kijani wakati wote. Kikabaki kipande kidogo mashariki ya Dabley, kilichokuwa kahawia mwezi uliopita na sasa kimeanza kugeuka.

"Nadhani mvua ilidondoka pale. Nadhani ni nyasi," alisema. "Lakini mama..."

"Unadhani. Hujaonja."

"Sijaonja."

Kaaha akateremka. Raho alikuwa analia kile kilio kidogo, kisicho na nguvu. Kipande chenyewe kilikuwa mwendo wa nusu siku tu. Kundi likisukumwa sasa, asubuhi lingekuwa pale, kama pana kitu. Kama hapana, hakuna mbuzi ambaye angeweza kurudi.

Hirsi alimtazama. "Unasemaje?"

Nyinyi akina mama mtakaosoma haya, na simu zenu zinalia mikononi, hapa ndipo pa kukumbuka. Mwenye woga hataki habari ya kweli, anataka habari ya haraka. Kaaha miguu ilikuwa inamwasha kuondoka. Akauma mtandio wake.

"Nenda wewe," akasema. "Sisi tunangoja."

Hirsi akachukua maji na fimbo, akaenda. Kaaha na Nasteha wakazuia mbuzi wasiingie kwenye maganda, kwa mawe, kwa kelele, kwa miili yao, mpaka sauti zikakauka. Unga wa mwisho ukawa uji. Mbuzi mmoja alitoa maziwa yaliyofunika kitako cha kikombe, na Raho akayamaliza yote, kisha akakilamba kikombe.

Siku ya pili, jua likiwa limeshapanda, Hirsi alionekana akija polepole. Ule upole ulimtisha Kaaha. Lakini hakumkimbilia. Akatandika mkeka, akamimina chai, akaketi mbele yake.

"Ni nyasi gani?"

"Fupi. Zimechipuka majuzi."

"Umezionja?"

"Mpaka tumbo limeniuma."

"Maji?"

"Dimbwi. Halina chumvi. Litatuvusha mpaka mvua, inshallah."

"Mbung'o?"

"Sikuona."

"Nani yuko?"

"Nunow na watu wake. Amesema karibuni, ila tukae upande wa juu."

"Na mathenge?"

"Mmoja, mdogo. Nimeung'oa kwa hasira zote."

Ndipo Kaaha akacheka, mara ya kwanza tangu Bula Weyn, akajifuta macho. "Nasteha, mwandikie afisa kwamba ni nyasi. Mwambie hilo jicho lao walitunze, lina kazi. Lakini wakilipia cha juu, walipie na mtu wa chini. Wa kuonja malisho, na wa kupima watoto. Vyote viwili, si kimoja."

Nasteha akapanda kichuguu, na jibu likarudi punde. Justus aliuliza kama anaweza kuwatumia wafugaji wote ujumbe kwamba mahali hapo pamethibitishwa na mama Nasteha. Hilo la muuguzi, aliongeza, si idara yake, lakini ameshaliandika kwa wakubwa na hataacha kuliandika.

"Mwambie aandike Hirsi," alisema Kaaha, akifunga mizigo. "Mimi sijaonja bado."

Walifika jioni. Mbuzi waliinamisha vichwa na hawakuviinua tena. Maziwa hayakuja siku hiyo, wala iliyofuata. Yalikuja kidogo kidogo, kwanza ya kulowesha ulimi, kisha ya kikombe, mpaka asubuhi moja Raho akakisukuma kikombe chenye maziwa nusu, ameshiba, akaenda kumfukuza mwanambuzi.