Kitanda Kinachokwenda Kusini

Usiku wa jana niliota niko juu ya baiskeli yangu, chupa ya uji ikining'inia kwenye usukani. Nampelekea mke wangu, Mama Shekue, wodi namba sita. Uji ukipoa hanywi, na asipokunywa, daktari amesema, tujiandae.

Napiga pedeli kwa nguvu. Kipimamwendo cha baiskeli kinakohoa, kisha kinasema, "Spidi kilomita ishirini kwa saa. Hongera, mzee."

"Na velositi?"

"Sifuri."

Nilichukia. Fizikia niliisoma madarasa ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na nilifaulu. Spidi ni wingi wa mwendo tu. Velositi inataka na upande unaoelekea. Nikatazama chini. Barabara ilikuwa duara, imechorwa kwa chaki kuizunguka wodi. Kila nikimaliza mzunguko, nipo palepale nilipoanzia.

Mlangoni amesimama mshale mrefu, amevaa kofia ya mlinzi.

"Shuka, mzee. Hapa wanaingia wenye mwelekeo."

"Nina cheti."

Akakisoma mbele na nyuma. "Namba zake nzuri. Mshale wako uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani."

"Kaufuate."

"Nyumbani ni upande gani?"

"Hilo sasa," akasema, "ndilo swali la mtihani."

Napanda tena. Ukuta wa wodi haupo. Kitanda cha mke wangu kinakwenda chenyewe, mita moja kwa saa, kusini, bila kupinda. Konokono angekipita. Mimi nakizunguka mbio.

"Mbona unanizunguka, Baba Shekue?"

"Nakuja."

"Miaka hamsini unakuja!" Akacheka, kicheko chake cha jikoni. "Mbio unazo, mume wangu. Pa kwenda ndipo sijapaona."

Kitanda kikakata mstari wa chaki, kikatoka nje ya duara. Baiskeli ikakataa kutoka.

"Nimepoa," ikasema chupa, taratibu.

Niliamka kwenye mkeka, barazani mwa wodi, tunapolala ndugu wa wagonjwa. Walipofungua mlango nikaingia. Mke wangu alikuwa amelala, anapumua kwa shida. Kitanda kilikuwa kimesogea kigae kimoja kutoka ukutani, upande wa kusini, na gurudumu la mbele lilikuwa na chaki.

Muuguzi anaapa hakuna aliyekigusa.

Nikakisukuma kukirudisha ukutani. Mikono yangu bado ina nguvu. Hakikurudi.