Kitabu Kisomwe Chote

Nilikuwa nimefika ukurasa wa tisini na nne, sauti ikaanza kukwama. Karani wa mahakama alinisogezea glasi ya maji. Nikanywa, nikaendelea kusoma.

Mlalamikaji, mwenye duka la vyombo hapa mjini Satara, alikuwa amewapelekea polisi kurasa saba tu za riwaya hii, amezipigia mstari kwa wino mwekundu: mwanamke na karani wa kiwanda cha sukari, chumbani, mvua inanyesha. Mwendesha mashtaka, Bwana Kadam, alitaka hakimu asome hizo peke yake aamue kama ni uchafu. Mimi, wakili wa mwandishi, nikasimama nikasema sheria haitaki hivyo. Mahakama ya Juu ilishaeleza: kitabu hupimwa kizima, kwa macho ya watu wa leo, si kwa vipande vilivyonyofolewa. Hakimu Rege akakubali, akaamuru kisomwe pale pale hadharani, neno kwa neno.

"Utatusomea mpaka tuote mvi, wakili," Kadam alinong'ona.

"Wewe umeshaota, Bwana Kadam. Tulia."

Watu wakacheka. Hata mwandishi mwenyewe, Hemlata Sabnis, mwalimu mstaafu, alitabasamu kizimbani. Akishindwa ni kifungo au faini, na nakala zote ziharibiwe. Nyuma yake aliketi mdogo wake, Kusum, aliyekuja kwa basi kutoka Karad anakoishi kumpa moyo, na kopo la chapati mapajani.

Zile kurasa saba tulishazipita asubuhi, na hakuna aliyekohoa. Hazikuwa na alama za kumtambulisha mtu. Kitabu kizima kilikuwa nazo. Hemlata alibadilisha majina, lakini aliacha nyumba yenye visima viwili, mume anayelala ghalani kila usiku, na mama mkwe anayekagua vitambaa vya hedhi kwenye kamba ya nguo kila mwezi ili ajue kama mkwewe ameshika mimba. Niliposoma habari ya ile kamba, mzee mmoja wa Karad, aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba, aligeuza shingo taratibu akamtazama Kusum. Kisha jirani yake naye akageuka.

Kusum alivuta upindo wa sari mpaka usoni. Niliona, na nikaendelea kusoma, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiomba mwenyewe.

Hakimu alipoahirisha, Hemlata alinifuata barazani.

"Kesho sema nimekiri kosa."

"Ukikiri, mwalimu, kitabu kimekufa."

"Kife. Nilidhani watakisoma watu wa mbali huko Pune, wasiotujua."

Kusum alikuwa amesimama karibu na nguzo, kopo bado limefungwa.

"Uliniuliza, dada?"

"Sikukuuliza."

"Nilikueleza yale jikoni kwa mama, tunamenya karanga. Sikusema uyaandike."

"Nilibadilisha majina, Kusum."

"Na visima? Karad nzima ni nani mwingine ana viwili?"

Hemlata alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, hakuivaa tena.

"Ndiyo maana nasema tuache," alisema mwishowe.

"Tuachie hapa? Hapa alipofika wakili, mimi ni mwanamke aliyemwacha mumewe akamkimbilia mwanamume mwingine kwenye mvua. Hilo ndilo watakaloondoka nalo. Mbele kuna nini?"

"Anaondoka. Anasomea unesi. Mumewe anaugua, anarudi kumuuguza, anamzika. Analia."

"Nililia kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

Kusum alitazama geti, ambako yule mzee alikuwa akizungumza na wenzake, mikono ikipaa na kushuka.

"Basi soma mpaka hapo, wakili. Soma yote. Mimi kesho sitakuja." Akamwekea dada yake kopo mikononi. "Na wewe usije Karad kwanza. Nitakuambia siku nikiweza."

Alishuka ngazi bila kumgusa. Hemlata alibaki amelishika kopo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu amshikie mwenyewe, na mwenyewe ameshaondoka.

"Zimebaki sura ngapi?" aliniuliza.

"Bado sura tisa."

"Usisome haraka," alisema. "Kule mwishoni, hasa."

Nikachana kipande cha gazeti, nikakiweka kwenye ukurasa wa mia na tatu. Tutaanza hapo saa tano asubuhi, hakimu akiwahi.