Eafoni Chini ya Ushungi

Nyumbani kwa Bi Mwanaidi, pembezoni mwa Magoma, mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: kwenye nguzo ya baraza. Ukisogea na simu huku au kule, imekuwa bubu. Basi simu ya nyumba ikashonewa mfuko wa kitenge, ikatundikwa pale kwenye msumari, ikaishi hapo kama mtu wa nyumbani.

Hajira, mke wa mwanawe Hussein, alipenda iwe hivyo. Hussein alikuwa anapasua mbao huko Handeni, na aliporudi Idi alimletea mkewe eafoni zisizo na waya, ndogo kama punje za maharage. Hajira akizichomeka masikioni na kuteremsha ushungi, nani ajue? Simu nguzoni, yeye jikoni, na hadithi za kusimuliwa zinammiminikia tangu anawasha moto mpaka anaosha vyombo.

"Mkamwana wangu mtulivu," Bi Mwanaidi aliwaambia majirani. "Hana maneno kabisa." Hajira aliyasikia hayo kwa mbali, katikati ya hadithi, akainamisha uso.

Maana hadithi zilikuwa zinakula chaji, simu haifiki jioni. Asubuhi inatolewa kwenye sola imejaa, adhuhuri inalia njaa. "Betri imezeeka kama mimi," akasema mama mkwe, na jogoo wake mwekundu akaenda kwa fundi simu ili betri mpya ije. Aliyembeba jogoo huyo kwapani njia nzima ni Hajira, naye jogoo anamtazama kwa jicho moja. Betri mpya nayo ikawa vilevile.

"Mafundi wa siku hizi wezi watupu."

"Ndiyo, mama," akajibu Hajira. Siku chache akaziacha zile eafoni. Halafu akakumbuka hadithi ilivyoishia pabaya, akazichomeka tena.

Siku yenyewe sasa, mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima tangu juzi, na sola haikutoa kitu. Hafsa, binti pekee wa Bi Mwanaidi, alikuwa kwenye zahanati ya Mashewa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mumewe, Faraji, alisema atapiga simu. Mama alikaa chini ya nguzo, kanga za kumpokelea mtoto mapajani, macho kwenye mfuko wa kitenge. Hajira alijiapiza kwamba leo hasikilizi. Lakini kungoja nako kuna uzito wake. Kidogo tu, akajiambia, huku anasonga ugali.

Simu ikaita. Hadithi ikakatika.

"Haloo! Faraji!" Mama alikuwa ameibandika sikioni. "Haloo! Mbona husemi?"

Kumbe Faraji anasema, tena kwa kupiga kelele, ila ndani ya masikio ya Hajira. "Mama? Nasikia sufuria tu! Mama, Hafsa anapelekwa Korogwe kwa operesheni, tupo garini, tunakaribia njia panda. Anakulilia wewe. Dereva atakuchukua ukiwepo, usipokuwepo hawezi kungoja. Mama!"

"Mtandao gani huu!" Mama aliigeuzageuza simu. "Hajira! Hebu njoo uisome, wewe uliyefika la saba. Naona inawakawaka nyekundu."

Hajira alisimama na mwiko mkononi. Angezirudisha eafoni kwenye kikasha chake, sauti ingerudi simuni, na siri yake ingebaki siri. Kikasha kilikuwa chumbani, chini ya mto. Akapiga hatua kuelekea chumbani. Hapo ndipo aliposikia, nyuma ya Faraji, sauti ya wifi yake: "Mamaa!"

Akageuka.

"Shemeji, anakuja," alisema. "Mwambie dereva asimame. Mama anakuja sasa hivi."

Bi Mwanaidi alimtazama. "Unasema na nani?"

Hajira alisukuma ushungi nyuma. Akachomoa eafoni moja, akaiweka kiganjani, akamwonyesha. "Na Faraji, mama. Sauti inaingia humu. Hafsa anapelekwa Korogwe, gari lipo njia panda, twende."

Mama aliitazama ile punje. Akaitazama simu, ambayo wakati huohuo ilitoa mlio mdogo ikazima. Kisha akamtazama Hajira.

"Jogoo wangu," alisema taratibu.

Walikimbia, Hajira mbele na kanga, mama nyuma na kiatu kimoja. Gari lilikuwa limeanza kuondoka. Hajira aliligonga ubavuni kwa mwiko aliosahau kuuacha. Mlango ukafunguliwa, mama akapanda bila kugeuka.

Mchana wote uliobaki Hajira alishinda na simu iliyokufa chini ya mawingu. Wakimpigia, hatajua. Wakilia, hatajua. Ugali ulimgandia sufuriani, hakuutazama.

Baada ya alasiri akaja Mwaija, jirani yao, simu yake mkononi. "Wewe! Nimepigiwa kutoka Korogwe. Mtoto wa kike, mama na mwana wazima! Halafu mama mkwe wako ananiambia, kamwambie Masikio Manne apike uji wa mzazi. Masikio Manne ndiye nani?"

"Ni mimi," alisema Hajira.

"Heh! Kwa nini?"

Hajira hakuwa na pa kuuficha uso. Akamweleza yote, mpaka jogoo. Mwaija alicheka hadi akashika nguzo, na Hajira alijua kwamba kabla ya magharibi Magoma nzima itakuwa inacheka.

Mwaija alipoondoka, Hajira aliingia chumbani, akakitoa kikasha chini ya mto. Akazitia eafoni ndani yake, akakitumbukiza kwenye mfuko wa kitenge, pale msumarini, ambapo kila anayekaa barazani angekiona. Kisha akaenda bandani kumkamata tetea wake mwenyewe, aliyekuja naye kutoka kwao, ashike nafasi ya jogoo.