Sauti ya Mzuka wa Wodini

Binti yao aliigiza sauti ya mzuka katika tamthilia ya katuni, kuhusu daktari anayesaidiwa na mzuka huyo kumsaka mtu anayewatilia wagonjwa sumu. Akafariki kabla haijaanza kuonyeshwa. Kila Jumapili mama yake alijongea karibu na runinga, akimtegea sikio mzuka tu.

Jumapili hiyo muuaji alitiwa mbaroni. Daktari akamwambia mzuka, “Sasa kapumzike.” Mzuka akaaga kwa sauti ya chini, akafifia.

“Afadhali wamemnasa,” mumewe alisema. Alipogeuka, akamwona mkewe amejiinamia.

“Hatasema tena, baba watoto.”

Mume akasogeza kiti chake ubavuni mwa mkewe, wakatazama majina ya waigizaji yakipanda kwenye kioo. La mtoto wao likapita upesi, kama ya wengine.