Vikopo vya Darasa la Sita

Siku Cuthbert alipokuja kuvikusanya vikopo vyake, Anjelina alikuwa anakoroga uji wa shule nyuma ya darasa la sita. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulimfuata kila alikohamia. Ilikuwa Juni. Mikorosho ya Namawe ilikuwa inapuliziwa salfa, dawa ya ukungu, na vumbi la njano lilikuwa limetua hata juu ya mfuniko wa sufuria.

Cuthbert alikuwa mtaalamu wa mionzi kutoka Dodoma. Mwezi Machi alivitundika vikopo kwenye kuta za madarasa yote, vidogo, vyeusi, mfano wa kopo la dawa ya viatu. Aliwaeleza walimu kwamba vinapima radoni, hewa inayotoka kwenye miamba, isiyo na rangi wala harufu. Shule ya Namawe imejengwa chini ya jabali, na sakafu ya darasa la sita imemwagwa juu ya jiwe lenyewe. Saruji yake ina nyufa ambazo watoto huzitumia kuchezea kete.

Alipokitungua kikopo kilichokuwa karibu na ubao, kikopo kilikohoa.

Anjelina alisikia akiwa kwenye moshi. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kisha kirefu, na mwishoni sauti ya mwanamume ikasema, "Haya." Alisogeza kuni pembeni ili uji usiungue, akaingia darasani.

"Huyo ni Baba Violet," alisema.

Cuthbert alikigeuza kikopo akakitazama chini. "Alikuwa anafundisha humu?"

"Humu humu. Mpaka alipolazwa."

"Basi ndiye. Shule niliyotoka juzi kulikuwa na kimoja kinapumua tu. Hakikohoi, kinapumua." Akakifunika, akakiweka kwenye boksi pamoja na vingine.

Mwalimu Nikolao, mume wa Anjelina, alikuwa amekufa mwaka mmoja uliopita. Alikohoa kwa miaka mingi, na kila akimaliza kukohoa alisema "haya" na kuendelea na hesabu za sehemu pale alipoishia. Hospitali walipima makohozi yake mara kadhaa wasione kifua kikuu. Hata hivyo ndugu zake walimtengea Anjelina sahani yake na kikombe chake, na baada ya mazishi hawakuviondoa.

Nikolao mwenyewe alisema ni salfa. Ndiye aliyeomba madirisha ya upande wa mikorosho yazibwe, na wazazi wakaja na matofali yao wenyewe, wakamshukuru kwa kuwaonea watoto huruma. Baadaye upepo uling'oa paa la ghala la chama cha msingi cha wakulima. Chama kikaomba darasa hilo la kuhifadhia korosho kila msimu, na ili wezi wasipite, kikaziba madirisha ya upande wa pili. Ukabaki mlango.

Agosti Cuthbert alirudi na majibu. Alikuja pia na kikopo cha Nikolao, kwa sababu Anjelina alikuwa amekiomba. Maabara walihitaji kipande cha plastiki cha ndani tu.

Anjelina alikiweka kwenye kabati, kando ya redio. Jioni kilipokohoa alisema, "Pole, Baba Violet," nacho kikajibu, "Haya." Violet, binti yao, alikuwa anaandika kazi ya shule chini ya taa. Hakuinua kichwa. "Baba amechelewa leo," alisema.

Wifi yake Anjelina, Anastasia, alikuja kusikiliza. Alikaa mpaka giza likaingia, na kikopo kilipokohoa alilia kidogo. Anjelina akamweleza habari ya hewa ya jabali. Anastasia akanawa mikono, akavuta mkeka, wakala ugali na kisamvu katika sahani moja. Alipoondoka aliichukua ile sahani ya kutengwa.

Septemba kamati ya shule ilikutana na wazazi. Anjelina alifika na kikopo amekifunga kwenye pindo la khanga. Mwakani, Januari, Violet angeingia darasa la sita, na alitaka madirisha yawe wazi kabla ya siku hiyo.

"Shikamoo, Mzee Jafari," alimwamkia mwenyekiti.

"Marahaba, Mama Violet. Naona umekuja na mwenzio."

"Nimekuja naye. Darasa ni lake."

Cuthbert alieleza. Darasa la sita limekizidi kiwango kinachokubalika kwa mara nyingi, kuliko darasa lolote jingine. Hewa hiyo huingia kwa nyufa za sakafu, na kwa kuwa haina pa kutokea, hujaa. Haimwangushi mtu leo. Hula mapafu polepole, na ugonjwa huja ukubwani, mtu ameshasahau alisoma wapi. Dawa yake ni kuyabomoa matofali ya pande zote mbili, kuziba nyufa, na kupitisha bomba kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa.

"Haina harufu, haina rangi," alisema mzazi mmoja. "Bwana mtaalamu, hata mchawi huacha nyayo!"

Watu wakacheka. Ndipo kikopo kikakohoa kwenye pindo la khanga. Kikasema, "Haya."

"Pole, Mwalimu," walisema wote, na katibu akamwandika miongoni mwa waliohudhuria.

Mzee Jafari alisubiri kalamu itulie. "Mtaalamu tumemsikia, na marehemu tumemsikia. Lakini korosho zinakaribia kuingia na chama hakina pengine pa kuziweka. Korosho hazina mapafu. Zikae kwanza. Zikitoka, tunabomoa."

"Januari Violet anaingia humo," alisema Anjelina. "Yeye anayo."

"Mama Violet, mumeo nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Nitakudanganya?"

Anjelina alikaa chini.

Korosho ziliingia zikajaza chumba mpaka kwenye kenchi za paa, na baada ya Krismasi zikatoka. Watoto wakafagia. Mwalimu mkuu, Claudia, alimwita fundi, naye akaja na nyundo yake. Alikuta kina mama wamesimama mbele ya ukuta.

"Mkishabomoa, salfa itaingia wapi?" aliuliza Anifa, ambaye mwanawe alikuwa na pumu. "Hiyo hewa yenu sijaiona. Salfa naiona. Kila Juni mwanangu anageuka rangi mikononi mwangu."

Chama nacho kilituma salamu kwamba msimu mwingine hauko mbali, na kujenga ukuta uleule mara mbili ni kuchezea saruji. Mzee Jafari akasema basi tungoje salfa ipite. Fundi alikunywa uji, akashukuru, akaondoka na nyundo yake.

Violet aliingia darasa la sita. Alipangiwa dawati la ukutani.

Jumamosi moja Anjelina alikwenda na mchi wa kinu akaling'oa tofali lililokuwa juu ya dawati hilo. Jumatatu alilikuta limerudishwa, na saruji imesawazishwa vizuri. Jioni Anifa alikuja na mihogo kwenye ungo. "Ni mimi," alisema. "Nisamehe, dada. Mtoto angekuwa wako, ungefanya hivyo hivyo."

"Na wangu yumo humo," alisema Anjelina. Akaipokea mihogo, akamrudishia ungo wake na kunde ndani yake, kwa kuwa ungo haurudishwi mtupu.

Cuthbert alikuwa ametundika vikopo vipya mwezi Machi, na Juni alikuja kuvichukua. Safari hii darasa la sita peke yake lilikuwa na vikopo vingi, kimoja juu ya kila safu ya madawati. Vyote vilikohoa. Anjelina aliuacha uji, akaenda kusimama mlangoni.

"Unawajua hawa?" aliuliza Cuthbert.

Anjelina alisikiliza kimoja kimoja. Zilikuwa sauti za watu wazima, wanaume kwa wanawake, na hakuitambua hata moja. "Hawa si watu wa hapa," alisema.

"Ni wa hapa," alisema Cuthbert. "Hawajafika bado umri huo."

Akakitungua kilichokuwa ukutani, juu ya lile tofali na dawati la Violet. Kikakohoa kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kisha kirefu. Alikuwa mwanamke, wa umri kama wa Anjelina. Alipomaliza alisema, "Haya."

Anjelina alikipokea, akakifunika mwenyewe, akakibana kwa kiganja mpaka kifuniko kikashika.

"Na hiki mtakirudisha?" aliuliza.

"Kikitoka maabara, mama."

Kengele ikalia. Watoto walipanga foleni na vikombe vyao, naye akawagawia uji. Violet alikunywa wake amesimama, akarudisha kikombe, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Haya," alisema, akaingia darasani.

Huko mikoroshoni mashine za salfa zilikuwa zimeanza kunguruma. Mwalimu akamwambia mtoto wa mwisho aufunge mlango vizuri.